SOMO LA ROBO HII: GESI YA KIYOYOZI CHA GARI HAIISHI, HUVUJA

Utangulizi

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumzia visima, mizinga ya nyuki na utunzaji wa vitabu vya hesabu. Safari hii tumechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni dogo, na wengine mtaliona ni anasa: kiyoyozi cha gari la mradi.

Sababu ya kulichagua ni hii. Ndani ya miezi 14 mimi mwenyewe, kama mratibu, nilitia saini hati tatu za malipo kwa kazi ileile kwenye gari lilelile. Zote tatu ziliandikwa "kujaza gesi ya AC". Mara ya kwanza gari lilipoza kwa miezi 7. Mara ya pili lilipoza kwa miezi 5. Mara ya tatu halikumaliza miezi miwili. Tulipopeleka taarifa ya matumizi, mmoja wa wafadhili wetu alituandikia akiuliza swali moja tu: "Gesi ya mwanzo ilikwenda wapi?"

Nilikaa na barua ile siku kadhaa bila kuijibu. Nilikuwa ninajua bei ya gesi, tarehe ya kila malipo na jina la gereji. Jibu la swali lenyewe sikuwa nalo. Somo hili ndilo jibu lililochelewa, na tunaliandika ili usharika mwingine usilipe ada tuliyoilipa sisi.

Baada ya kusoma somo hili, mwanakamati au dereva ataweza:

1. Kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi kiyoyozi cha gari kinavyofanya kazi.
2. Kufanya uchunguzi na matengenezo madogo nyumbani, kwa saa moja au mbili, bila kufungua mfumo wa gesi.
3. Kutambua kazi ambazo ni hatari kuzifanya nyumbani.
4. Kumuuliza fundi maswali sahihi kabla ya kuidhinisha malipo.

Je, kiyoyozi ni anasa?

Swali hili huulizwa kwenye vikao, na ni halali kuulizwa. Gari la mradi hupita barabara za vumbi wakati wa kiangazi. Dereva akifungua vioo, vumbi huingia mpaka kwenye daftari za kliniki. Akivifunga bila kiyoyozi, joto humchosha, na dereva aliyechoka ni hatari kwa wote.

Lakini kwetu tunaokaa nyanda za juu, faida kubwa zaidi ni ile isiyofikiriwa sana. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huikausha. Wakati wa masika, watu watano wakikaa ndani ya gari na nguo zilizolowa, kioo cha mbele hufunga ukungu kwa ndani. Hewa kavu ya kiyoyozi huuondoa ukungu huo kwa dakika chache, hata kama mnatumia hewa ya moto kwa wakati mmoja.

Baada ya gesi kupotea mara ya tatu, tulikuwa tunateremka mlima jioni moja ya mvua, tukiwa na muuguzi na mama mwenye mtoto mgonjwa. Dereva alikuwa anashika usukani kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa kitambaa kwa mkono wa pili. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa alitokea mbele yetu, tukampita kwa nafasi ya shubiri moja. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sijakiita tena kiyoyozi anasa.

Kiyoyozi kinavyofanya kazi

Mnakumbuka muuguzi anavyopaka spiriti kwenye mkono kabla ya sindano: ngozi husikia baridi. Spiriti inapokauka na kuwa mvuke, huondoka na joto la ngozi. Kiyoyozi hutumia kanuni hiyohiyo, ila mvuke wake haupotei hewani. Hukusanywa, hurudishwa kuwa maji, na kutumika tena na tena katika mzunguko uliofungwa.

Mzunguko huo una sehemu kuu tano:

Kompresa. Hii ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Huivuta gesi na kuigandamiza, nayo hutoka ikiwa na shinikizo kubwa na joto kali.

Kondensa. Hufanana na rejeta na hukaa mbele yake. Upepo ukipita hapo huipoza ile gesi ya moto, nayo hugeuka kuwa maji.

Kikaushio. Ni kichupa cha chuma, au kifuko kilichomo ubavuni mwa kondensa, chenye punje za kunyonya unyevu. Maji ya kawaida hata kidogo yakiingia humu huleta kutu na tindikali.

Vali ya kupunguza shinikizo. Ni tundu dogo sana. Gesi iliyogeuka maji ikipita hapo shinikizo hushuka ghafla, nayo huanza kuchemka na kuwa baridi.

Evapareta. Hukaa ndani ya dashibodi. Hewa ya ndani ya gari hupulizwa juu yake, huacha joto na unyevu wake hapo, kisha hutoka ikiwa baridi na kavu. Maji yaliyoachwa hudondoka chini ya gari kupitia mpira mdogo. Gesi yenyewe hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Wasomaji waliotazama vizuri wataona kwamba katika safari yote hiyo hakuna mahali gesi inapoliwa. Petroli huungua ikaisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui, huzunguka tu. Ni kweli kwamba kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira na viungo kwa muda wa miaka mingi. Lakini gari lililojazwa gesi mwezi wa pili na likaacha kupoza mwezi wa tisa lina tundu. Huo ndio msingi wa somo lote: gesi ikipungua, kwanza tafuta ilikotokea, ziba, ndipo ujaze.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwetu, nafuu hiyo aliipata yule anayelipwa kila tunaporudi kujaza.

Kazi za kufanya nyumbani

Kazi zifuatazo hazihitaji kufungua bomba lolote. Dereva anaweza kuzifanya uani kwa usharika au nyumbani kwake. Zima injini na uondoe ufunguo kabla ya kuweka mkono karibu na mkanda au feni. Feni ya umeme kwenye baadhi ya magari huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vaa miwani ya kukinga macho.

Kwanza, pima upepo. Washa kiyoyozi na uweke kipulizio namba ya juu. Kama hewa ni baridi lakini ni kidogo, huenda gesi haina tatizo. Angalia filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Filta iliyojaa vumbi huziba upepo kabisa. Ibadilishe, bei yake ni ndogo. Baadhi ya magari ya kazi hayana filta hiyo, na kwa hayo vumbi hukwama kwenye evapareta yenyewe.

Pili, angalia kama kompresa inashika. Injini ikiwa inazunguka, simama pembeni, mwenzako abonyeze kitufe cha A/C. Kwenye magari mengi utasikia mlio mfupi wa "tak", na sahani iliyo mbele ya kompresa itaanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, anza na vitu rahisi: fyuzi, rilei na waya uliochomoka. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi ni dalili kwamba gesi imepungua. Ikumbukwe kwamba baadhi ya kompresa za kisasa huzunguka muda wote na hazina mlio huo.

Tatu, safisha kondensa. Kwa barabara zetu hili ndilo linaloponya magari mengi. Vumbi, majani na wadudu huziba mapezi yake, na joto hukosa pa kutokea. Dalili yake ni kwamba gari hupoza likiwa kwenye mwendo, lakini likisimama kwenye foleni hewa huwa vuguvugu. Acha injini ipoe, kisha mwaga maji ya bomba kwa nguvu ndogo, ikiwezekana kutoka upande wa injini kwenda mbele. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, kwa maana mapezi ni laini na hulala. Yaliyolala yanyooshwe taratibu kwa kijiti.

Nne, angalia feni ya kondensa. Kwenye magari yenye feni ya umeme, kiyoyozi kikiwashwa feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, dalili ni ile ile ya kondensa iliyoziba.

Tano, zibua mpira wa maji. Zulia la upande wa abiria likilowa, watu husema gari linavuja mvua. Mara nyingi ni mpira wa kutolea maji ya evapareta ulioziba kwa tope. Utafute chini ya gari, uzibue kwa waya laini bila kusukuma kwa nguvu.

Sita, weka kipimajoto. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi, funga vioo na milango, weka hewa ya kuzunguka ndani, na injini iende kwa mzunguko wa 1,500 hivi kwa dakika 10. Mfumo mzima katika hali ya hewa ya kawaida huweza kushusha hewa hiyo hadi kati ya nyuzi 5 na 10 za Selsiasi. Siku ya joto kali sana itakuwa juu kidogo. Andika namba hiyo kwenye kitabu cha gari. Ukiipima kila baada ya miezi mitatu utaona mfumo ukianza kudhoofu mapema.

Saba, tafuta alama za mafuta. Hili linahitaji maelezo zaidi.

Tundu letu tulivyolipata

Ndani ya mfumo wa kiyoyozi, mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, hutoka na mafuta kidogo. Gesi haionekani, lakini mafuta hubaki kwenye kiungo, na vumbi hunasa juu yake. Kwa hiyo kiungo kinachovuja huwa na doa jeusi lenye utelezi ambalo halipo kwenye viungo vingine.

Baada ya ile safari ya mvua nilimwita dereva wetu, tukafungua boneti pamoja. Amekuwa na gari lile tangu siku lilipofika. Nilimsomea maelezo ya alama za mafuta. Aliinama, akanyoosha kidole kwenye kiungo cha bomba linaloingia kwenye kondensa, akasema, "Mratibu, hapa pananishindaga kila Jumamosi. Nikiosha injini napafuta, wiki ijayo tope limenata tena palepale."

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni uchafu tu. Na gari likienda gereji, hakuna anayeniuliza."

Alikuwa anafuta ushahidi kila wiki kwa uaminifu wote, na sisi tuliokuwa na madaraka ya kusaini hatukuwahi kumuuliza mtu aliyekuwa anaugusa kila wiki.

Tulithibitisha kwa povu. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo hadi iwe nzito, pakaza kwenye kiungo kwa brashi, kisha subiri ukitazama. Fanya hivi injini ikiwa imezimwa: wakati huo shinikizo husawazika na upande wa baridi, ambao kwa kawaida una shinikizo dogo, hupata shinikizo la kutosha kuonyesha tundu. Vipovu vilijitokeza polepole, kimoja baada ya kingine. Pakaza pia kwenye vichupa viwili vya kujazia gesi baada ya kufungua vifuniko vyake, kwa kuwa vali zake ndogo huvuja mara kwa mara. Vifuniko hivyo ni sehemu ya kuzuia uvujaji, hivyo visipotee.

Kama hakuna gesi kabisa ndani, povu halitaonyesha chochote. Hapo ni kazi ya fundi kutia naitrojeni kavu kwa shinikizo la kupimia.

Kosa letu lilikuwa pete ya mpira ya kuzibia, iliyokauka. Fundi mwingine aliibadilisha pamoja na kikaushio, akapima na kujaza. Bei ya pete ile haikufika hata sehemu ya kumi ya malipo ya kujaza gesi mara moja.

Kazi zisizofanywa nyumbani

Tunawaomba wanakamati wawe wakali katika sehemu hii, kwani hapa kuna hatari ya kuumia.

Usifungue kiungo chochote kikiwa na gesi. Gesi ya R-134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi ya barabara zetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikimrukia mtu jichoni inaweza kumpofusha, na kwenye ngozi huunguza kwa baridi. Katika chumba kilichofungwa hufukuza hewa safi.

Usikubali gesi ya kupikia. Wapo wanaojaza gesi ya mtungi wa jikoni kwa kuwa ni rahisi na hupoza. Mfumo wa gari haukutengenezwa kwa gesi inayolipuka, na evapareta iko ndani ya chumba cha abiria. Uvujaji mdogo na cheche moja vinatosha.

Usipime uvujaji kwa oksijeni au kwa hewa ya kompresa ya matairi. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya shinikizo hulipuka, na hewa ya kawaida huingiza unyevu. Kinachotumika ni naitrojeni kavu.

Usichomelee wala kuleta moto karibu na gesi hii. Ikiguswa na moto hutoa moshi wenye sumu kali.

Usiunganishe waya moja kwa moja kuipita swichi ya shinikizo. Gesi ikipungua, swichi hiyo huzima kompresa ili kuilinda, kwa sababu gesi isipozunguka mafuta nayo hayazunguki. Fundi akiipita, gari litapoza kidogo leo, na kompresa itakufa kesho.

Usitie dawa ya kuziba matundu kwenye mfumo. Huweza kuganda kwenye vali na kuharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Usiguse magari ya haiburidi bila mafunzo. Magari haya yameanza kuingia hata kwenye sharika. Mengi yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa volti nyingi kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Mafuta yake nayo ni tofauti, ya aina ya POE isiyopitisha umeme. Ukitia PAG ya magari ya kawaida, umeme huweza kuvuja kwenye mwili wa kompresa.

Wengine watauliza kuhusu makopo madogo ya gesi yenye mpira wa kujazia, yanayouzwa madukani. Hayo huunganishwa upande wa shinikizo dogo tu. Upande wa shinikizo kubwa huweza kupasua kopo. Hata yakitumika kwa usahihi, mtu hajui ni gramu ngapi zilizomo tayari, wala hajaziba tundu. Ushauri wetu ni kutoyatumia kwenye magari ya mradi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwanakamati hahitaji kuwa fundi ili asimamie fundi. Anahitaji maswali matano.

1. Tundu liko wapi? Fundi aonyeshe kwa povu, kwa rangi maalumu inayong'aa kwenye taa, au kwa kifaa cha kunusa gesi. Jibu la "tujaze kwanza tuone" halitoshi.

2. Gesi iliyobaki utaikusanya kwa mashine, au utaiachia hewani?

3. Utaivuta hewa kwa pampu kwa muda gani? Isipungue dakika 30, na zaidi kama mfumo ulikaa wazi. Pampu hushusha shinikizo hadi unyevu uliomo uchemke na kutoka kama mvuke. Baadaye pampu izimwe na sindano ya geji itazamwe kwa dakika 15 au zaidi. Ikipanda, bado kuna tundu au unyevu. Vitabu vingi husema geji ifike karibu inchi 29 za zebaki. Hiyo ni kwa Dar es Salaam na Tanga. Arusha, Iringa au Mbeya, ambako hewa ni nyepesi, geji ya kawaida itaishia kwenye 24 au 25. Hilo ni jambo la mwinuko tu, pampu haina ubovu.

4. Utajaza gramu ngapi? Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi. Gesi ipimwe kwa mizani. Ikizidi, gari hupoza vibaya na kompresa huumia, kama ilivyo ikipungua. Geji peke yake haitoshi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, mfumo wa R-134a husoma takriban psi 70 kwenye nyuzi 20, psi 80 kwenye nyuzi 25, na psi 95 kwenye nyuzi 30, uwe na gesi nusu au uwe umejaa. Ikisoma chini sana ya hapo, gesi karibu imekwisha toka.

5. Umebadilisha nini? Mfumo ukifunguliwa, pete za mpira za kiungo hicho ziwe mpya. Kikaushio nacho kibadilishwe kama ulikaa wazi. Mafuta yaliyopotea yarudishwe kwa kipimo na kwa aina iliyoandikwa.

Gesi hii na uumbaji

Kuna sababu nyingine ya kuziba tundu. Magari ya zamani, hadi miaka ya 1990, yalitumia gesi ya R-12, iliyogunduliwa kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mataifa yalikubaliana kuiacha kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini ikiachiwa hewani hukamata joto la dunia. Katika hesabu za mkataba huo, kilo moja yake inalingana na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo, Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza gesi za aina hii hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Magari mapya ya nchi nyingi sasa huja na R-1234yf, ambayo athari yake kwa joto ni ndogo sana ila huweza kushika moto, kwa hiyo isichanganywe na nyingine.

Fikirini: kila tulipojaza bila kuziba, tulilipa fedha za sadaka ili gesi ile ipande hewani. Sisi sisi ambao robo iliyotangulia tulikuwa tunagawa miche ya kupanda kwa ajili ya mvua.

Tulichoamua

Kamati yetu imepitisha mambo matatu, na tunayapendekeza kwenu. Kwanza, hakuna hati ya malipo ya "kujaza gesi" itakayosainiwa bila mistari mitatu kuandikwa: tundu lilikuwa wapi, kimebadilishwa nini, na gesi ni gramu ngapi. Pili, dereva atakuwepo gereji na atasikilizwa. Maoni yake yataandikwa kwenye kitabu cha gari kabla gari halijapelekwa. Tatu, kiyoyozi kitawashwa walau dakika 10 kila wiki, hata miezi ya baridi, ili mafuta yazunguke na pete za mpira zisikauke.

Barua ya yule mfadhili tumeijibu. Tulimweleza gesi ilikwenda wapi, kwamba lilikuwa kosa la ofisi na si la dereva, na kwamba tungeligundua mapema kama tungeuliza mapema. Tunamshukuru kwa swali lake. Lilituuma, na lilitusaidia.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Je, katika vitabu vyetu vya mwaka huu kuna malipo yaliyorudiwa kwa kazi ileile? Yawe ya gari, pampu ya kisima au jenereta. Chanzo kilitafutwa?
2. Ni nani katika usharika wetu anayegusa kifaa hicho kila siku, na mara ya mwisho tulimuuliza lini?
3. Fundi wetu ana mizani, pampu ya kuvutia hewa na mashine ya kukusanya gesi? Kama hana, sharika jirani zinaweza kushirikiana kumtafuta aliye navyo?
4. Tukiona kosa letu wenyewe, tunalieleza vipi kwa wale wanaotuchangia?

Katika toleo lijalo, Bwana akipenda, tutazungumzia matunzo ya betri za mfumo wa umeme wa jua.